Je, Watu Wataitazama Darsa Katika Simu?

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), suala lililotufikia ni hili: Je, yafaa darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha hapa Kakamega ipigwe video na kupelekwa kwa watu katika simu zao za mkononi? Na kabla ya kufika kwenye kufaa na kutofaa, wako waliouliza jambo lililo jepesi zaidi: hata ikipelekwa, watu watataka kuitazama? Vijana ndio walioleta suala, wazee wakalijibu, na majibu hayakupatana. Jarida hili hutoka bara, lakini wasomaji wake wengi ni watu wa miji ya pwani, na twajua kuwa katika misikiti yao pia jambo hili linazungumzwa. Kwa hiyo tumeona tulieleze kwa urefu kidogo, wala tusilikate kwa neno la ndiyo au la.

Mzee wetu mmoja, ambaye hakosi safu ya kwanza, alisema: "Maalim, nani atakayeketi saa nzima kumtazama mtu mwenye kilemba ndani ya kioo kilicho sawa na kiganja? Hata mpira watu huenda kuutazama kwenye televisheni kubwa." Watu wakacheka. Maneno yake yana nguvu, na si yeye wa kwanza kuyasema. Wamekwisha kuyasema watu wenye mali nyingi na elimu ya mitambo, na mambo yaliyowapata yanafaa kuelezwa.

Tukumbuke kwanza jinsi picha zinazokwenda zilivyotujia. Zilianza katika nyumba za sinema. Watu wa Mombasa wanazikumbuka Regal, Majestic na Naaz. Mwenye kutaka kutazama alitoka kwake, akapita njiani mbele ya watu, akanunua tikiti, akaketi na wenziwe. Wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao. Kisha ikaja televisheni: Kenya mwaka 1962; Zanzibar mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi tangu mwanzo; na Tanzania Bara ikakaa mpaka mwaka 1994. Televisheni iliitoa picha mjini ikaileta sebuleni. Baadaye zikaja kaseti za video, zikatuletea filamu za Kihindi kwa wingi, na pia zikatuletea munadhara wa Sheikh Ahmed Deedat wa Durban na Jimmy Swaggart uliofanywa Marekani mwaka 1986, kaseti iliyoazimwa nyumba kwa nyumba. Katika hatua zote hizi kioo kilikuwa kimoja na watazamaji walikuwa wengi. Hili twaomba msomaji aliweke akilini, kwani tutalirudia.

Zilipoenea simu za mkononi, makampuni yalijiuliza suala lile lile la mzee wetu. Korea ya Kusini ilianza kurusha televisheni katika simu mwaka 2005, na Japani ikafuata mwaka 2006. Ujerumani ilijaribu, na mpango wake ukavunjika mwaka 2008. Marekani, kampuni ya Qualcomm ilijenga mtandao mzima wa minara kwa kazi hiyo tu, ikawauzia watu televisheni ya kutazama mkononi, na mwezi wa Machi 2011 ikauzima. Aliyetazama mambo kutoka Ujerumani au Marekani wakati ule angeweza kukata shauri kuwa watu hawataki kutazama picha katika simu, basi.

Na angekuwa amekosea. Tarehe 23 Aprili 2005, Jawed Karim, mmoja katika waanzilishi wa YouTube, aliweka humo video ya kwanza kabisa. Urefu wake ni sekunde 19. Amesimama mbele ya ndovu katika bustani ya wanyama ya San Diego akisema habari ya mikonga yao, na hapana zaidi. Si habari, si tamthilia, wala haikupigwa na fundi. Makampuni yalidhani kuwa watu wataka televisheni iliyofanywa ndogo. Kumbe watu walitaka kitu kingine: kuchagua wenyewe, kwa wakati wao, kipande kifupi, kisha kumrushia mwenzao. Udogo wa kioo haukuwazuia.

Kwetu Kenya kilichozuia kilikuwa gharama. Mpaka mwaka 2009 intaneti yetu ilipitia angani kwa setilaiti, tena kwa bei kubwa. Mwaka ule waya za baharini zilifika Mombasa, mmojawapo ukiwa ni ule wa TEAMS uliotoka Fujairah. Mwaka 2011 Safaricom ikauza simu ya Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000, na watu waliokuwa na simu za mulika mwizi wakaanza kuzibadilisha. Ripoti ya Taasisi ya Reuters, iliyoko Oxford, ya mwaka 2023 iliikuta Kenya mbele ya nchi zote ilizozichunguza kwa matumizi ya TikTok: katika kila watumiaji 100 wa intaneti waliohojiwa, 54 waliitumia. Na mwezi wa Agosti mwaka ule ule Bunge likapelekewa ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku. Hapana mtu aombaye kipigwe marufuku kitu kisichopendwa.

Atasema msemaji: hayo ni mambo ya ngoma na mizaha, darsa ni jambo jingine. Jawabu yake ni Ramadhani ya mwaka 2020. Mwezi wa Machi misikiti ilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Tafsiri ya Ramadhani ile ilisikilizwa katika redio na katika simu, pwani na bara. Na ilipofunguliwa misikiti mwezi wa Julai, ruhusa ilikuwa ya watu 100 tu, kwa muda wa saa moja, wenye umri baina ya miaka 13 na 58. Basi wazee wa safu ya kwanza ndio hao waliobaki majumbani. Mzee wetu huyu, na ametupa idhini ya kulisema hili, aliifuata tafsiri katika simu ya mjukuu wake iliyoegemezwa kwenye birika la chai, usiku baada ya usiku, wala hakulalamika udogo wa kioo.

Kwa hiyo suala la "watataka?" limekwisha. Watu wanataka, tena kupita kiasi. Lililobaki ni jingine, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Ama hukumu ya chombo chenyewe hatutairefusha. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza, na chombo hufuata hukumu ya kinachokusudiwa kwacho. Wako wanaozitia picha za kamera katika hadithi zilizokuja juu ya wenye kufanya masanamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala kueleza kuwa picha ya kamera ni kuzuia kivuli kilichokwisha kuumbwa, si kuigiza uumbaji. Al-Manar ya Sayyid Rashid Ridha, iliyotoka Cairo tangu mwaka 1898, iliulizwa juu ya santuri kama tunavyoulizwa leo juu ya simu. Mwaka 1961 Sheikh Mahmud Khalil al-Husary alitolewa akiisoma Qur'ani yote katika sahani za santuri, na leo hapana nyumba ya Mwislamu isiyonufaika na usomaji wa namna hiyo. Na hapa kwetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alichukua chombo cha zama zake akakitumia. Wenye kutaka kulifungua upya jambo hili wana haki yao, lakini sisi twaona limekwisha kusemwa vya kutosha.

Ila liko moja ambalo lazima tulitenge, kwani vijana wawili walituuliza baada ya Ramadhani ile. Kusikiliza darsa katika simu ni jambo moja, na kumfuata imamu katika simu ni jambo jingine. Sala ya jamaa haisihi kwa mtu aliye nyumbani kwake akimtazama imamu wa mji mwingine. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i maamuma na imamu hukusanywa na mahali pamoja, na nje ya msikiti masafa yamewekewa mpaka wa takriban dhiraa 300. Sheikh Ahmad al-Ghumari wa Morocco aliandika risala kuruhusu Ijumaa nyuma ya redio, na maulamaa walio wengi hawakumkubalia. Simu haipati hukumu iliyo nyepesi kuliko redio kwa sababu tu ina picha.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametaja neema mbili ambazo watu wengi huzipoteza pasi na kujua thamani yake. Ya kwanza ni afya. Ya pili kwa Kiarabu huitwa faragh, yaani wasaa, kutokuwa na shughuli. Neno hilo tumelichukua katika Kiswahili tukalifanya faragha, nalo likahama maana: kwetu sisi faragha ni kuwa peke yako, mahali usipoonwa na mtu. Shina ni moja na maana ni mbili. Na simu imezikutanisha maana zote mbili mahali pamoja: mtu asiye na shughuli, naye yuko peke yake. Katika sinema alionwa akiingia. Sebuleni baba alikuwapo, au shangazi, au hata mgeni, na mtu aliona haya. Katika simu kila mtu ana kioo chake, hata wakiketi watano juu ya mkeka mmoja.

Wengi wakisikia hivi hukimbilia kutaja picha za uchafu, na hakika ubaya huo upo, na amri ya kuinamisha macho iliyo katika Suratun-Nur haikubagua baina ya barabara na kioo. Lakini sisi twazungumza juu ya darsa. Twasema kuwa hata mema yakitazamwa katika faragha hii huingiwa na kasoro, na kasoro hiyo ndiyo isiyoangaliwa. Simu humwonyesha mwalimu kwa mwanafunzi. Haimwonyeshi mwanafunzi kwa mwalimu.

Alikuja kwetu mtoto wa miaka 10 aliyehifadhi Juzuu Amma kwa kufuatisha video. Sauti yake ni nzuri mno, na mahadhi ni ya msomaji mkubwa wa Misri. Lakini kila herufi ya 'ain aliisoma kama hamza, na ha ya kooni aliisoma kama ha nyepesi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Msomaji wa kwenye simu alimsomea sawasawa mara elfu, ila hakuwa na masikio ya kumsikia. Ilituchukua miezi kumwondoa mtoto yule katika alilokuwa amelizoea, na ingetuchukua siku chache kumfundisha asiyejua kitu. Ndiyo maana wazee wetu walishurutisha kuichukua Qur'ani kinywa kwa kinywa, mwalimu na mwanafunzi wakielekeana.

Hilo la mtoto ni jepesi. Lililo zito ni la mume na mke waliofikishwa kwetu na jamaa zao. Mume aligombana na mkewe usiku, na katika ghadhabu akamwambia, "Nenda kwenu." Asubuhi wakapatana, akapikiwa chai, akaenda kazini. Baada ya siku mbili rafiki yake akamrushia kipande cha video cha chini ya dakika moja, ambamo sheikh anasema kuwa mwenye kumwambia mkewe maneno hayo amekwisha kumwacha. Mume akakitazama peke yake, akakirudia, akaingiwa na khofu ya Mungu, na khofu yake ilikuwa ya kweli. Akamwambia mkewe kuwa ameachika. Mwanamke akachukua watoto wake watatu akaenda kwa wazazi wake Mumias, akakaa huko zaidi ya mwezi mmoja akihesabu eda.

Tulipoletewa simu ile tulikitafuta chanzo cha kipande, tukaipata darsa nzima, yenye urefu wa zaidi ya saa moja. Sheikh alikuwa amesema sawa. Alieleza kuwa maneno ya namna hiyo ni katika kinaya, si katika maneno ya wazi ya talaka, na kuwa talaka huwa kwayo pale tu mume anapokuwa amenuia talaka. Sharti hiyo ilikuja katika sentensi iliyofuata. Aliyekata kipande alikata kabla yake, ama kwa kutojua ama kwa kutaka maneno yashtue. Tulimwuliza mume: "Usiku ule ulinuia nini?" Akasema, "Nilinuia aondoke mbele ya macho yangu, sikuwaza talaka." Tukawaelekeza kwa Kadhi, kwani ndiye mwenye mamlaka ya ndoa, talaka na mirathi za Waislamu kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, na jarida si mahakama. Mwanamke amerudi kwake. Lakini mwezi ule umekwisha kupita, na watoto walikosa shule, na majirani walikwisha kusema yao.

Msomaji aangalie: kama mume yule angeyasikia maneno yale yale akiwa ameketi msikitini, angeinua mkono akauliza, au jirani yake angemwambia, "Ngoja, Maalim hajamaliza." Katika simu hapana wa kumngojesha. Na kule kuhakikisha habari kabla ya kutenda, tulikoamrishwa katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, kunahitaji mtu wa kuulizwa. Kipande hakiulizwi.

Baada ya haya yote wako waliotazamia kuwa tutasema darsa isipigwe video kabisa. Hatusemi hivyo, na sababu zetu ni hizi.

Uislamu wa upande huu ulikuja na watu wa pwani waliofika Mumias kwa misafara ya miguu, kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901. Elimu ilimfuata mtu alipo, wala haikungoja mtu aifuate. Leo mabinti wetu wengi wako Riyadh na Jedda na Doha, wanafanya kazi majumbani mwa watu, na msikiti hawaufikii. Tangu Saudi Arabia ilipofungua mazungumzo ya sauti na picha kwa intaneti mwezi wa Septemba 2017, mama aliye Kakamega huweza kuuona uso wa mwanawe, akajua kama amekonda au ana jeraha analolificha. Sauti peke yake humficha mama mengi. Mabinti hao wameomba darsa. Wameomba pia wanawake wa hapa mjini wenye watoto wachanga, ambao wakati wa Magharibi ndio wakati wa kuosha na kulisha. Kuwanyima kwa sababu mtu mwingine hukata vipande si uadilifu.

Baadhi ya ndugu walitoa shauri kuwa itoshe sauti, kama zilivyokuwa kaseti, na bando litatumika kidogo. Shauri hili lina maana, na wenye simu za mulika mwizi tutawawekea sauti katika kadi. Lakini kuna elimu isiyofika kwa sikio. Mtume (S.A.W.) alisali juu ya mimbari ili watu wamwone na kujifunza sala yake, na Sayyidna Uthman aliwafundisha watu udhu kwa kutawadha mbele yao. Kuonyesha ni katika sunna ya kufundisha. Udhu, tayamamu, kumkafini maiti, matamko ya herufi: haya yataka jicho.

Kwa hiyo tumekubaliana kuwa darsa zitapigwa, ila kila masala yatapigwa kamili na kwa ufupi, takriban dakika 10, ili mtu asipate haja ya kuyakata. Mwalimu ataanza kwa kutaja tarehe, kitabu na mlango. Kamera itamwelekea yeye tu. Wanaosikiliza hawatapigwa, maana wako wasiotaka kuonekana na hatuna haki ya kuwaonyesha. Masuala ya talaka hayatajibiwa katika video hata kidogo. Mwenye nayo na aje, au apige simu tuzungumze naye tumsikie. Na watoto wa chuo hawatahesabiwa kuwa wamehudhuria kwa kutazama. Katika hili baadhi ya wazazi wamenung'unika, kwa kuwa mvua za jioni hapa kwetu ni nyingi na njia huwa tope. Twawaelewa, lakini mtoto yule wa 'ain ametutosha. Siku ya mvua kubwa mwalimu atampigia mtoto kwa picha, amsikilize akisoma, amkosoe. Simu ikitumiwa hivi huwa mwalimu naye anamwona mwanafunzi.

Kwa walio mbali tumeweka utaratibu huo huo. Kila atakayepokea video atajulishwa nambari ya kuulizia, na walimu wawili watapokea simu usiku wa Alhamisi, mmoja wao mwanamke, kwa ajili ya masuala ambayo wanawake huona haya kutuuliza sisi.

Tutaanza, Mungu akipenda, na mlango wa tohara katika Safinatun-Najaa. Ama darsa ya wanawake ya Jumamosi, wenyewe wametuambia wataamua baina yao kama nayo ipigwe sauti au iachwe kama ilivyo, nasi tumewaachia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.